Mama Hakutaka Kugusa

Agosti ya 2023, mama yangu alisimama katikati ya ukumbi mkubwa wa Tate Modern, jumba la sanaa la London, mikono kaifumbata nyuma, akitazama watoto wa Kizungu wakiburura mbao.

"Mama, hivi ni vya kushika," nikamwambia.

"Nimesikia."

Hakushika.

Mbele yetu palikuwa na michemraba 400 ya mbao, mitupu ndani, mihimili tu iliyopakwa rangi za kuchoma macho, kila upande umekatwa na ubao mmoja wa mshazari. Unaruhusiwa kuibeba, kuipandanisha, kuibomoa. Msichana mdogo alikuwa amejifungia ndani ya ngome yake. Baba mmoja mwenye shati la ofisini alikuwa amejenga mnara na kusimama pembeni kuulinda, mtoto wake amekwishachoka zamani na kukimbilia kwingine.

Mama amepita sabini. Nisiwadanganye mkadhani ni mtu wa haya. Kwetu Tanga arusi ikikosa vugo, ngoma ya wanawake ya pembe na nyimbo za mafumbo, watu huuliza kama mwenye arusi kamkosea nini. Akishika pembe na kijiti, maneno yanamtoka mengine ya papo hapo, na mtu aliyekusudiwa huwa anayasikia mpaka kwenye kisogo. Lakini pale, mbele ya mbao za rangi, alikuwa mtoto wa chuo siku ya kwanza.

"Nikivunja cha watu?"

Akaja mhudumu wa ukumbi, kijana, amesikia Kiswahili. Mkongomani. Akamwamkia mama, kisha akainamisha kichwa kidogo kusoma mgongoni kwake, maana mama alikuwa amejitanda kanga juu ya koti kwa sababu Agosti ya London si Agosti ya watu. Akasoma kwa sauti: "Hasidi hana sababu." Akacheka. "Sasa mama, huyu hasidi ni nani?"

"Mwenyewe anajijua," mama akajibu.

Ikawa kama kafunguliwa. Wakacheka wote wawili, kijana akasema, "Kamata tu, mama, haina shida," na mama akaukamata mchemraba wa kwanza, akaupeleka alikotaka yeye, akaenda kuchukua wa pili. Tulikaa pale mpaka miguu ikaniuma mimi.

Kwenye treni ya kurudi alinyamaza kituo kizima, halafu akaniuliza.

"Ule mchezo mzuri. Lakini anaambiwa nani?"

Swali hilo limenikaa wiki nzima, na wiki zilizofuata. Nimekaa mji huu tangu nilipokuja kusoma, nimeteleza kwenye mitelezo ya jumba hilohilo, nimekanyaga vyumba vya maputo na vya giza, nimepitwa mbio na watu waliolipwa wakimbie. Sikuwahi kuuliza mchezo wote huo unamlenga nani.

Mama aliuliza siku ya kwanza.

Mhandisi wa Karachi

Kazi ile ya michemraba ni ya Rasheed Araeen. Alizaliwa Karachi mwaka 1935, akasomea uhandisi wa ujenzi, akaja London 1964. Hakusoma shule ya sanaa. Miaka hiyo hapa Uingereza sanamu za kisasa zilizotajwa sana zilikuwa za Anthony Caro: vyuma vilivyopangwa kwa jicho la bwana, hiki kirefu, kile kifupi, hiki kimebeba, kile kimebebwa. Araeen alizipenda, halafu akakataa ule mpango. Akaanza kutengeneza vitu ambavyo vipande vyake vyote viko sawa, vya kipimo kimoja, hakuna kipande mkubwa wala kipande mtumwa. Mwaka 1968 akafika kwenye wazo la michemraba inayoanza ikiwa imepangwa mraba nadhifu sakafuni, kisha mtu yeyote anaivuruga.

Mtu yeyote. Hapo ndipo mwiba ulipo.

Kwa maana sanamu ya namna hiyo inamnyima msanii neno la mwisho. Na inamwambia yule bwana mwenye jicho: jicho lako tumelisikia, sasa kaa pembeni mtoto wa miaka minne apange.

Kuna habari nyingine ambayo sikuweza kuitenganisha na zile mbao baada ya kuikumbuka. Araeen huyuhuyu alihangaika karibu muongo mzima kutafuta jumba litakalokubali maonyesho ya wasanii wa Kiafrika, Kiasia na Kikaribea waliokuwa wakifanya kazi Uingereza bila kutajwa kwenye historia yake. Yalifunguliwa mwishoni mwa 1989 pale Hayward Gallery, kusini mwa mto, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Tate Modern ya leo. Mtu aliyefungiwa milango namna hiyo akitengeneza kazi ambayo kila mgeni anaruhusiwa kuigusa na kuigeuza, mimi siwezi tena kuiona ni burudani ya watoto wakati wa likizo.

Kibao cha ukutani hakikuyasema hayo kwa ukali huu. Vibao vya ukutani vina adabu sana.

Nikampigia mama kwa simu (alikuwa kwa dada, mji wa Reading) nikamweleza. Akasikiliza. "Enhe. Basi lilikuwa fumbo," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwishajua, anayesubiri wengine wafike.

Kofia

Wiki iliyofuata tulikwenda Trafalgar Square, yeye akitaka kuona simba za mawe alizoziona kwenye picha. Simba ni za shaba, lakini tuache.

Uwanja ule una vitako vinne vya kuwekea sanamu. Vitatu vina watu wake wa siku zote, mfalme na majemadari. Cha nne kilijengwa mwaka 1841 kwa ajili ya sanamu ya Mfalme William IV akiwa juu ya farasi, fedha zikaisha, kikabaki kitupu zaidi ya miaka 150. Tangu 1999 kinapewa wasanii kwa zamu, na zamu zenyewe zimekuwa za masihara mengi. Mwaka 2009 Antony Gormley aliwapandisha raia wa kawaida, saa moja kila mmoja, usiku na mchana kwa siku 100, jumla watu 2,400. Wengine walicheza ngoma, wengine walihubiri, wengine walikaa tu kwenye kiti. Mwaka 2010 Yinka Shonibare akaweka meli ya Nelson, yule amiri wa majini aliye juu ya nguzo katikati ya uwanja, ndani ya chupa kubwa, matanga yake yakiwa ya vitenge. Mwaka 2013 alipandishwa jogoo wa buluu wa Katharina Fritsch, mkubwa kuliko gari, akimtazama Nelson bila woga.

Tulipofika sisi, tangu Septemba 2022, alikuwapo mtu wetu. Samson Kambalu, mzaliwa wa Malawi, alikuwa ameweka watu wawili waliosimama kama walivyopigwa picha mwaka 1914: mchungaji John Chilembwe na mmishonari Mzungu, John Chorley. Wote wamevaa kofia. Chorley ana urefu wa mtu. Chilembwe ni jitu.

Aliyepita mbio aliona kichekesho cha vipimo. Kofia ndiyo yenye habari. Nyasaland ya wakati ule, Malawi ya leo, Mwafrika hakutakiwa kubaki na kofia kichwani mbele ya Mzungu. Chilembwe alibaki nayo, tena mbele ya kamera, siku ya kufungua kanisa lake. Mwaka uliofuata, 1915, aliongoza uasi dhidi ya utawala na wenye mashamba, akiwa pia amepinga watu wake kutolewa wakafe kwenye vita vya Waingereza na Wajerumani. Akauawa. Kanisa likabomolewa.

Nikayaeleza haya huku nikitafuta pembe nzuri ya picha. Mama alikuwa ameshasimama kimya, shingo juu.

"Babu yako alikuwa na kofia," akasema.

"Ya kazi?"

"Ya beni."

Na hapo, kwenye ngazi za Trafalgar, watalii wakitupita na aiskrimu, nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba babu mzaa mama, niliyemjua kwa tasbihi na kikohozi tu, alikuwa na cheo kwenye ngoma ya beni. Kofia yenye ukingo mweusi unaong'aa, koti lenye vifungo, vyote vya fundi wa mtaani. Ofisa wa jeshi ambalo halikuwahi kuwapo.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa beni, lakini wadogo zetu pengine. Ilianza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea pwani yote: tarumbeta na ngoma kubwa, gwaride, sare, wafalme na madaktari na makapteni wa kujipa. Marini upande huu, wanaojiona waungwana. Arinoti upande ule. Wanashindana kwa mavazi, kwa karamu, kwa nyimbo za kuvuana nguo. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipowachukua askari na wapagazi huku na huko, wakaibeba beni mpaka Nyasaland, kwa kina Chilembwe. Na wakoloni walitazama magwaride yale bila kujua washike lipi: wanatuenzi au wanatucheka?

Nadhani walikuwa wanafanya yote mawili, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kuwakamata.

Nilitazama juu tena. Jitu lenye kofia halikuwa jambo geni la London hata kidogo.

Mzanzibari mwenye mikasi

Nilipofika nyumbani nikarudi kwa msanii mmoja niliyedhani nimekwishamwelewa.

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake, mwalimu, alifariki kwa malaria yeye akiwa mtoto wa miezi, na mama yake Mwingereza, mbunifu wa vitambaa, akarudi naye Uingereza. Alikuwamo kwenye yale maonyesho ya Araeen ya 1989. Mwaka 2017 akashinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata. Tate Modern walimpa maonyesho makubwa kuanzia mwisho wa 2021, nikaenda, nikafurahi. Rangi, sauti, vyumba vilivyopangwa kama jukwaa la tamthilia. Himid alisomea usanifu wa jukwaa kabla ya mengine yote na inaonekana.

Kazi iliyonirudia baada ya swali la mama lakini niliiona mapema zaidi, mwanzoni mwa 2017, Bristol. Aliitengeneza 2004: watu 100 wa mbao bapa, waliokatwa kwa ukubwa wa binadamu na kupakwa rangi pande zote, wakisimama sakafuni kama wageni waliowahi karamu. Wapiga ngoma, wachezaji, mafundi viatu, wafinyanzi, wakufunzi wa mbwa, watengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto. Unapita katikati yao. Unatabasamu, huwezi kuacha, wamependeza mno. Kisha unakwenda nyuma yao.

Nyuma kila mmoja ana maandishi mafupi kwenye karatasi ya hesabu. Jina lake la kwao. Jina alilopewa na mabwana zake. Kazi aliyokuwa akiifanya, kazi anayofanyishwa sasa, na kitu kimoja alichobaki nacho moyoni. Ni watumishi na watumwa Waafrika wa majumba ya Ulaya, wale wanaoonekana kwenye pembe za michoro ya zamani wameshika sinia, bila jina.

Watu wa Bristol, mji uliotajirika kwa biashara hiyo, walikuwa wakizunguka na watoto wao. Nikaona mama mmoja akimsomea binti yake jina moja mgongoni, akasimama katikati ya sentensi.

Himid ametengeneza pia kazi nyingi kwa umbo la kanga: pindo, mji, na maneno chini, mengine aliyoyachukua kwa waandishi anaowapenda. Wahakiki wa hapa huziandika kama ugunduzi wa muungano wa picha na maandishi. Bibi zetu wangecheka mpaka wakae chini. Lakini Himid mwenyewe anajua anachofanya, hilo sina shaka nalo. Mbele pambo, na mwenye kusoma asome.

Kwa hesabu ya mama, huyu anaambia. Tena kwa majina.

Lakini nikateleza

Sasa niwe na haki, maana kufikia hapo nilikuwa nimeanza kuwa mtu wa kuchosha. Kila kazi naipima: ina mlengwa? Haina? Basi ni upuuzi wa wenye shibe.

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi, tunayekunywa naye chai Jumamosi, akanikata. "We si ulinihadithia ulivyoteleza Tate ukatoka unalia kwa kicheko? Aliambiwa nani hapo?"

Ni kweli. Mwisho wa 2006 Carsten Höller aliweka mitelezo mitano kwenye ukumbi uleule, mabomba ya chuma yenye paa la plastiki angavu, yakizunguka kama utumbo kutoka ghorofani mpaka chini. Mrefu kuliko yote ulizidi mita 50. Höller alikuwa mwanasayansi wa kilimo kabla ya kuwa msanii, na alitaka kujua nini kinampata mtu mzima akipoteza udhibiti wa mwili kwa sekunde chache. Kilichonipata mimi: nilikuwa mgeni wa mji, baridi ya kwanza, sijazoea kutazamwa na kutotazamwa, nimevaa koti la mtumba lililonizidi mabega. Nikakaa. Nikaachia. Sauti niliyoitoa kwenye lile bomba sikuwa nimeitoa tangu nilipokanyaga Heathrow.

Chini nikakuta mzee wa Kiingereza aliyenitangulia, suti yake imekunjamana, akicheka peke yake. Akanisaidia kuinuka. Wiki zile hakuna Mwingereza mwingine aliyekuwa amenishika mkono.

Na kabla ya hapo, kati ya Oktoba 2003 na Machi 2004, Olafur Eliasson alikuwa ameweka jua mlemle. Nusu duara ya taa za rangi moja ya manjano, dari lote likawa kioo, nusu ikawa duara kamili, ukungu kidogo hewani. Zaidi ya watu milioni mbili walikuja. Sikuwahi kuliona, nilichelewa kufika, ila kila aliyelikuta ananisimulia jambo moja: watu wazima walilala chali kwenye zege, wakajitafuta kwenye kioo kule juu, wakaanza kutengeneza maumbo kwa miili pamoja na wasiowajua. Hakuna aliyewaagiza.

Mlengwa wa jua lile nani? Novemba ya London?

Labda. Na mimi nakubali kwamba Novemba ya London inastahili kuambiwa.

Kuna nyingine inayonisumbua zaidi. Mwaka 2008, Tate Britain, jumba dada la Tate Modern, Martin Creed aliagiza mtu apite mbio kila baada ya sekunde 30, kwa kasi yote, kwenye ukumbi mrefu wa sanamu. Ndiyo kazi yote. Mtu anapita, vuu, kimya, mwingine anapita. Creed huyu ndiye aliyeshinda Turner 2001 kwa chumba kitupu ambacho taa zake zinawaka sekunde tano na kuzimika sekunde tano, mtu mmoja akakasirika akakipiga mayai. Nilikwenda kuona wakimbiaji nikiwa tayari kukasirika. Badala yake niliona jinsi wote tulivyokuwa tunatembea mle: mwendo wa mazishi, sauti za msikitini. Kila mkimbiaji alipopita ule mwendo wetu ulizidi kuonekana. Tulikuwa tunaigiza heshima, na hakuna aliyetuomba.

Basi nani aliambiwa? Sisi. Tulioingia na mikono nyuma.

Kwa hiyo rafiki yangu alinishinda nusu. Upo mchezo usio na mlengwa wa nje, unamlenga yule anayeucheza, unamtikisa mahali alipoganda. Mtelezo ulinitendea hivyo. Sina neno baya juu yake.

Nani analipia bembea

Nusu nyingine sikumpa.

Ukumbi ule ulikuwa kituo cha kufua umeme, jengo la Giles Gilbert Scott, yuleyule wa vibanda vyekundu vya simu. Kilifungwa 1981, jumba la sanaa likafunguliwa 2000. Kuingia ni bure. Urefu unazidi mita 150. Mahali pakubwa hivyo hapawi bure kwa mtu fulani. Kazi za miaka ya mwanzo, pamoja na jua na mitelezo, zilikuwa chini ya jina la Unilever mpaka 2012. Siku hizi zile kubwa za kila mwaka zina jina la Hyundai, na michezo ya familia, ile ya michemraba ikiwamo, ina jina la Uniqlo. Sabuni, magari, nguo. Kila mchezo una kadi ya mwaliko.

Mwaka 2017 kikundi cha Denmark kiitwacho Superflex kilijaza ukumbi kwa bembea za kukalia watu watatu watatu, na zulia la mistari lenye rangi zilizotolewa kwenye noti za pauni. Unabembea juu ya pesa, pamoja na wenzio wawili. Wazo lao, watatu wakisukuma pamoja wana nguvu kuliko mmoja, lilikuwa zuri, ila niliyempata pembeni yangu alikuwa anajipiga picha, na zulia sikuona mtu akilitazama. Fumbo likihitaji kuelezwa na kijitabu limekwishapoa. Zile rangi zilikuwa nzuri, hata hivyo.

Wakali walikuwa wengine. Tarehe 7 Julai 2012 watu zaidi ya mia, bila kualikwa, waliingia ukumbini wakiwa wamebeba vipande vya bawa la mtambo wa kufua umeme kwa upepo. Wakaviunganisha sakafuni. Bawa zima, mita 16 na zaidi, tani moja na nusu. Wakasema ni zawadi kwa taifa. Walikuwa Liberate Tate, kikundi kilichokuwa kikipinga jumba kupokea fedha za kampuni ya mafuta ya BP. Fikiria walinzi. Mgeni anakuletea zawadi kubwa kuliko sebule, kwa heshima zote, mbele ya watu, utamfukuzaje? Miaka mitatu baadaye wakarudi na makaa, wakaandika sakafuni usiku na mchana, kutoka maji kujaa mpaka maji kujaa ya kesho yake kwenye mto Thames, maneno juu ya tabianchi. BP iliacha kufadhili Tate mwaka 2017. Kampuni ilitoa sababu zake za kibiashara. Sawa.

Kati ya yote yaliyowahi kuchezwa kwenye ukumbi ule, hili ndilo lililonifanya nicheke peke yangu jikoni. Zawadi! Nani kakwambia zawadi haina kijembe ndani? Pwani nzima inajua sinia la haluwa linavyoweza kumtukana mtu.

Na ndipo nikaelewa kwa nini mama alikataa kugusa mwanzo. Nilifikiri ni woga wa jumba kubwa, na woga ulikuwapo. Lakini mtu aliyelelewa na beni na vugo hawezi kuingia mchezoni kabla hajajua upande wake ni upi, nani yuko upande wa pili, nani atajibu. Kwake mchezo bila majibizano haujaanza. Kijana wa Kikongomani alipomsoma mgongoni na kumrudishia neno, ndipo ulipoanza.

Kaka hakubali

Nimemsomea kaka yangu rasimu hii kwa simu, yuko Dar. Anasema nimewapa Wazungu kurasa nyingi. Makunduchi, Unguja, anasema, kila Julai wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, wanaume wanapigana kwa migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanawaimbia wanaume matusi waziwazi na hakuna anayekasirika mpaka mwakani. Hakuna kibao cha ukutani, hakuna mfadhili, na hakuna aliyeuliza kama ni sanaa. Na Dar kwenyewe kuna Nafasi, kituo cha sanaa cha Mikocheni, vijana wanaofanya maajabu kwa makopo na vyuma, umewahi kuwaandika?

Sijawaandika. Nitawaandika nikija.

Lakini simkubalii yote. Makunduchi kila mtu anajua atakachokiona na nani atamwimbia nani. Hapa nimeona mtu asiyejua lolote anaingia kutafuta choo, anakutana na jua, analala chini. Vyote viwili navitaka. Kaka anasema hiyo ni tabia ya watu wa ughaibuni, kutaka vyote viwili.

Mama amekwisharudi Tanga. Michemraba imekwishaondolewa, na Oktoba 2023 ukumbi ukampokea El Anatsui wa Ghana, msanii bingwa wa vifuniko vya chupa. Kambalu alibaki juu ya kitako chake hadi Septemba 2024. Aliyepita London kabla ya hapo aliweza kusimama upande wa ngazi za National Gallery, akawaona Chilembwe na Nelson kwa pamoja, kisha akapima mwenyewe.

Kiingilio hakikuwapo.